Mrija wa plastiki hauna hatia hiyo: dhamana ya mtu mmoja katika mabadiliko ya tabianchi

Kazi yangu ni kuhesabu gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto angani: zinatoka wapi, kwa shughuli gani, kwa kiasi gani. Anayelijua hilo haniachi bila kuniuliza yeye afanye nini, na mara nyingi huja na jibu lake tayari: ameacha mirija na mifuko ya plastiki. Namsifu, maana plastiki inaua viumbe wa baharini na kuziba mitaro. Ila kwa upande wa tabianchi, mrija hauna uzito wa kuzungumzia. Hayo ni matatizo mawili, na kuyachanganya kumewafanya watu wengi wema wajione wamemaliza kazi ambayo hawajaianza.

Uzito uko kwenye kinachochomwa. Lita moja ya petroli haifiki kilo moja, lakini ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, gesijoto kuu tunayoitoa. Watu huguna nikisema hivyo. Hakuna uchawi: kila chembe ya kaboni iliyomo kwenye petroli hunasa chembe mbili za oksijeni, na oksijeni hiyo ndiyo inayoongeza uzito. Sasa linganisha. Simu inayochajiwa kila siku mwaka mzima hutumia umeme ulio pungufu ya nishati iliyomo kwenye lita hiyo moja. Safari ya ndege ya London hadi New York, kwenda na kurudi, ni takriban tani nzima ya hewa ukaa kwa abiria wa daraja la kawaida. Mtu anayechomoa chaja ukutani kwa uaminifu kisha akapanda ndege kama hiyo mara nne kwa mwaka, hesabu yake naijua bila kushika kalamu.

Basi tuyaache madogo, tufanye makubwa, mambo yaishe? Mwaka 2020 ulitupa jaribio ambalo hakuna mwanasayansi angethubutu kuliomba. Mabilioni ya watu walikaa ndani, ndege zikaegeshwa, barabara zikawa tupu. Hewa ukaa itokanayo na mafuta, makaa ya mawe na gesi asilia ilipungua kwa takriban asilimia 5. Haba na haba ya dunia nzima haikufika hata robo ya robo ya kibaba. Iliyobaki iliendelea kutoka kwenye mitambo ya umeme, viwanda vya saruji na chuma, meli za mizigo, yaani vitu vinavyounguruma hata ukiwa umelala. Na kiwango cha gesi hiyo angani hakikushuka. Kilizidi kupanda, kwa sababu sehemu ya tunachotoa hubaki huko juu kwa karne nyingi. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, katika kila chembe milioni moja za hewa kulikuwa na takriban 315 za hewa ukaa. Leo zimepita 420.

Wapo wanaofika hapa wakahitimisha kwamba mtu binafsi hana lake, lawama zote ziende kwa makampuni. Ushahidi wanao. Aliyelipigia debe sana wazo la kila mtu kupima unyayo wake wa kaboni, yaani kiasi cha gesijoto anachosababisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni kampuni ya mafuta ya BP, tena kwenye matangazo yake. Muuza mafuta kumuuliza mnunuzi kama haoni haya: huo ni ujanja wa hali ya juu.

Hata hivyo siwafuati hadi mwisho, na sababu yangu ni kisa cha ozoni, gesi ya juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1974, wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za CFC, zilizokuwa zikitumika kwenye makopo ya kupulizia marashi na kwenye majokofu, zinaweza kuharibu tabaka la ozoni. Wanunuzi wengi wa Marekani wakaanza kuyakimbia makopo hayo kabla serikali haijayapiga marufuku; soko likashuka, na sheria ya kuzuia matumizi mengi ya aina hiyo ilipokuja mwaka 1978 ilikuta njia imeshalainika. Lakini kwenye jokofu mambo yalikuwa mengine. Mnunuzi hakuwa na jokofu la gesi nyingine la kuchagua. Ilibidi wanakemia watengeneze mbadala, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uwabane watengenezaji wote kwa pamoja. Kwa hiyo, ukiwa na chaguo, uamuzi wako unasukuma sheria. Usipokuwa nalo, kukubebesha lawama ni kukuonea.

Ndiyo maana pia sipendi dhamana hii igawanywe sawa kwa sawa. Kwa wastani Mmarekani mmoja hutoa takriban tani 14 za hewa ukaa kwa mwaka, Mhindi takriban tani 2, na mtu wa Burundi hafiki hata robo tani. Asilimia 10 ya watu matajiri zaidi duniani ndio wenye takriban nusu ya hewa ukaa yote. Anayepika kwa kuni kwa kukosa nishati nyingine simwambii apunguze chochote. Kama ana deni, basi ni dogo, na anayemdai ana deni kubwa zaidi.

Kwa aliye na uwezo wa kuchagua, naangalia maamuzi yanayomfunga kwa miaka: gari, nyumba, chanzo cha nishati. Haya yana faida nyingine isiyoonekana kwenye hesabu zangu. Utafiti uliofanywa California ulionyesha kwamba mtaa wenye nyumba zilizokwisha kuweka paneli za sola huvuta nyingine kuweka. Jirani huamini paa analoliona kuliko mhadhara wangu.

Kisha namuuliza anafanya kazi gani. Mhasibu anayeidhinisha ununuzi wa magari ya ofisi ana mkono mrefu akiwa kazini kuliko akiwa nyumbani na balbu zake. Mfano ninaoupenda zaidi ni fundi wa majokofu. Nyingi ya gesi zilizochukua nafasi ya CFC haziharibu ozoni, lakini ni gesijoto kali. Kilo moja ya R-134a, mojawapo ya gesi hizo, ikiachiwa hewani hupasha joto zaidi kuliko tani nzima ya hewa ukaa, na ndiyo sababu mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza. Fundi anayeinyonya gesi kabla ya kufungua jokofu bovu, badala ya kuipuliza nje, anaokoa kwa alasiri moja kiasi ambacho wengine hawakiokoi kwa miezi. Anachohitaji ni mashine ya kunyonyea, mtungi wa kukusanyia, na bosi anayekubali kuvinunua.