FK Kukësi ya Albania: mengi tunayoambiana sio kweli

Wengi wetu jina Kukësi tumelikuta kwenye mkeka. Julai inafika, ligi kubwa zimelala, zinabaki zile raundi za awali za Ulaya na unaona timu ambayo hata kulitamka jina lake shida, unaangalia odds unaweka, ikishinda unasahau ikipoteza unalaani. Mimi nilianza hivyohivyo, ila hii timu nikaja kuipenda kweli, nikaanza kusoma historia yake, na kila nikisoma nakuta yale tunayoambiana vijiweni mengi yamepinda. Naomba niyanyooshe hapa maana hawa watu wa mji wa Kukës wanastahili kusimuliwa vizuri.

"Ni timu mpya, imeanzishwa juzi na tajiri"

Hii ndo nasikia sana na ndo inaniuma zaidi. Watu wanaona ilipanda ligi kuu ya Albania, Kategoria Superiore, kwa mara ya kwanza 2012, msimu wake wa kwanza tu ikamaliza nafasi ya pili, basi wanahitimisha kwamba mtu kaamka asubuhi na hela zake kanunua timu.

Ukweli ni kwamba klabu ilianzishwa tarehe 4 Machi 1930. Shirikisho la mpira la Albania lenyewe limeanzishwa Juni 1930! Kwahiyo klabu imelitangulia shirikisho kwa miezi mitatu, na ligi ya kwanza ya taifa ilichezwa mwaka huohuo, klabu ya Tirana wakabeba. Baadaye ikaitwa Gjallica, jina la mlima unaousimamia mji ule, karibu mita 2,500, na kwa jina hilo ikazunguka madaraja ya chini miaka na miaka bila mtu wa nje kuijua. Piga hesabu mwenyewe, 1930 mpaka 2012 ni miaka 82 ya kusubiri mechi moja ya ligi kuu. Babu aliyeiona ikianza hakuiona ikifika.

Hela zilikuwepo, sikatai. Rais wa klabu kipindi kile cha mafanikio, Safet Gjici, ni mfanyabiashara ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa mji, na usajili ulifanyika wa maana, mastraika kutoka nje na nini. Ila kuna kitu kingine watu hawakitaji kabisa, barabara. Kukës iko kaskazini mashariki kabisa, milimani, na kabla ya 2009 kutoka mji mkuu Tirana kwenda kule ilikuwa safari ya masaa sita saba ya kona na mabonde. 2009 ikafunguliwa barabara kubwa wanayoiita Rruga e Kombit, yaani Barabara ya Taifa, ina handaki la zaidi ya kilomita 5 linalopita ndani ya mlima, na safari ikawa masaa mawili na kitu. Miaka mitatu baadae timu iko ligi kuu. Mimi siamini hiyo ni bahati. Mchezaji mzuri hawezi kukubali kwenda kuishi sehemu ambayo kwenda kumsalimia mama yake ni siku nzima, na anayekuja kwa mkopo kutoka nje ndo kabisa, kwahiyo hela bila ile lami zingeishia kununua jezi tu.

"Kukës ni mji wa kale"

Hapa patamu, tulia kidogo.

Kukës unayoiona leo kwenye picha, yenye magorofa yamejipanga juu ya uwanda na ziwa limeuzunguka, ni mji wa miaka ya 1970. Kukës ya zamani ilikuwa chini, pale mito miwili inapokutana, Drin Nyeupe na Drin Nyeusi. Serikali ya Enver Hoxha, mtawala wa kikomunisti wa Albania wakati ule, ikaamua kujenga bwawa la umeme la Fierza, maji yakapanda, mji wote ukazama. Wakazi wakahamishiwa mji mpya uliojengwa juu na maisha yakaendelea huko.

Kwahiyo ile klabu ya 1930 ilizaliwa kwenye mji ambao leo uko chini ya maji. Mitaa ambayo wale vijana wa kwanza walitembea wakienda mazoezini, nyumba walizotoka, vyote viko ndani ya ziwa. Yani nikifikiria hili huwa nakaa kimya. Soko limehama, nyumba zimehama, na timu ikahama na watu wake ikaendelea kuitwa timu ya Kukës. Vitu vinavyounganisha mji ule wa chini na huu wa juu ni vichache, na timu ya mpira ni kimojawapo. Ndo maana mtu akiniambia ni mradi wa tajiri nakasirika.

"Hii ni timu ya Kosovo"

Hapana. Chanzo cha mkanganyiko nakielewa, jina la kwanza kabisa la klabu 1930 lilikuwa Kosova, na mpaka wa Kosovo pale Morina uko kama kilomita 20 tu kutoka mjini. Lakini Kukës iko Albania na timu imecheza kwenye mfumo wa Albania siku zote. Na ushahidi rahisi ni huu, Kosovo imeingia UEFA Mei 2016, wakati Kukësi walikuwa tayari wanacheza Ulaya tangu 2013.

Ila uhusiano na Kosovo upo na ni mkubwa kuliko mpira. 1999, wakati wa vita, Waalbania wa Kosovo walifukuzwa makwao na zaidi ya laki nne waliingia Albania, wengi wao wakipitia mpaka huohuo wa Morina, wakiwa kwenye matrekta, kwa miguu, wazee wamebebwa mgongoni. Mji wa kwanza kukutana nao ni Kukës. Sensa ya 2011 inasema mji una watu elfu 16 na mia kadhaa. Fikiria mji wa ukubwa huo, moja ya sehemu maskini kabisa za nchi, unafungua milango kwa umati wa namna ile, familia zinalaza wageni sebuleni, mahema yamejaa kila uwanda.

Walioko Ghuba, hii inawahusu kidogo: Falme za Kiarabu walijenga kambi ya wakimbizi pale na wakajenga njia ya kutua ndege, na uwanja wa ndege wa Kukës mpaka leo unabeba jina la Zayed. Ndege za abiria za kawaida zimekuja kuanza 2021.

Na kuna uongo umeota hapohapo, kwamba mji "ulishinda" Nobel ya Amani. Haukushinda, ulipendekezwa kwa tuzo ya mwaka 2000, ikachukuliwa na Kim Dae-jung wa Korea Kusini. Lakini mji mzima kupendekezwa ni kitu cha pekee, hauhitaji kuongezewa chumvi.

"Ulaya walienda kutalii tu"

Haya tuongee mpira sasa. 2013, msimu wao wa kwanza kabisa kwenye mashindano ya UEFA, Europa League, wanaanzia raundi ya kwanza ya mchujo. Wanakutana na Flora Tallinn ya Estonia, sare ya 1-1 kule, marudiano 0-0, goli la ugenini linawapitisha (enzi zile jumla ikiwa sare, mwenye magoli mengi ya ugenini ndo anapita). Wanakuja Sarajevo ya Bosnia, jumla 3-2, wamepita. Wanakuja Metalurh Donetsk ya Ukraine, timu iliyowazidi kwa kila kitu kwenye makaratasi, jumla 2-1, wamepita! Wakafika raundi ya mwisho kabla ya makundi, na hapo wakakutana na Trabzonspor ya Uturuki, ndoto ikaishia hapo kwa jumla ya 5-1. Kabla ya msimu ule klabu ya Albania kufika hatua ile ilikuwa haijawahi kutokea. Skënderbeu ya Korçë walikuja kuvuka zaidi kwa kuingia makundi 2015, sawa, ila Kukësi nao waliugonga mlango mapema.

Na hizo mechi za "nyumbani" hawakucheza Kukës. Watu wengi wanajaza wenyewe kwamba wapinzani walifungwa na milima, baridi, mashabiki wameuzunguka uwanja, hapana bwana. Uwanja wao wa Zeqir Ymeri, unaoingiza watu kama elfu 5, haukukidhi vigezo vya UEFA, wakapelekwa Tirana. Wakenya watanielewa hapa, Harambee Stars 2024 ilicheza mechi za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia kule Malawi. Sasa fikiria klabu inapata usiku mkubwa kuliko wote tangu 1930 na mzee wa Kukës anayetaka kuuona ni lazima apande gari aende mji mwingine.

Hapohapo nisahihishe na lile la Legia Warsaw ya Poland 2015. Ni kweli mechi ilivunjika baada ya mchezaji wa Legia, Ondrej Duda, kupigwa na kitu kilichorushwa kutoka jukwaani, na UEFA wakawapa Legia ushindi wa 3-0. Aliyerusha alifanya ujinga na adhabu ilikuwa halali. Ila ilitokea Tirana, sio Kukës, na kuuita mji mzima mji wa wahuni kwa jambo lile ni kuwaonea.

"Ubingwa wa 2017 waliupata sababu Skënderbeu alifungiwa"

Hii hata wachambuzi nimewasikia wakisema. Skënderbeu alikuwa ametawala ligi tangu 2011, kisha UEFA wakamfungia kwa tuhuma za upangaji matokeo, ikaja na ile adhabu ya miaka 10 ya mwaka 2018. Lakini adhabu zile zilikuwa za mashindano ya Ulaya! Ligi ya ndani msimu wa 2016-17 Skënderbeu alikuwepo, alicheza, na alimaliza wa tatu. Wa pili Partizani. Kukësi chini ya kocha Ernest Gjoka akawa juu yao wote, na Pero Pejić, straika kutoka Croatia, akawa mfungaji bora wa ligi. Wameshindana na kila mtu na wameshinda uwanjani, msiwapunguzie.

Na kabatini sio huo tu, kuna Kombe la Albania la 2016 na la 2019.

Ligi ya Mabingwa 2017 walitolewa na Sheriff Tiraspol ya Moldova, wamefungwa 1-0 kule, wakashinda 2-1 nyumbani, jumla 2-2 na goli la ugenini likawatoa. Sheria ileile iliyowabeba 2013 ndo iliyowaangusha, na UEFA wameifuta 2021. Sheriff huyohuyo ndo aliyekuja kumpiga Real Madrid Bernabéu mwaka huohuo wa 2021, kwahiyo sio kwamba walitolewa na timu ya mchangani.

"Walikuwa moto wa mabua"

Walidumu ligi kuu misimu 12 mfululizo, wakashuka mwisho wa msimu wa 2023-24 wakiwa mkiani. Hela ikipungua kwenye mji wa watu elfu 16 hakuna viingilio vya kukuokoa, hakuna haki za tv za maana, na vijana wa kule wanaondoka kila mwaka kwenda Ulaya Magharibi kutafuta maisha. Hilo ni tatizo la mpira wa Albania mzima nje ya Tirana.

Ila misimu 12, ubingwa mmoja, makombe mawili, na usiku ule wa Donetsk, kwa timu iliyowahi kuhamishwa na mji wake kupisha maji. Mabua hayawaki muda wote huo.