Ombi la Kesi Mpya Si Rufaa ya Tatu

"Wakili, rufaa imetupwa, sasa tupeleke ile 50(6)." Nimeambiwa hivyo tena wiki hii, yaani tuombe kesi isikilizwe upya, na ndani ya faili hamna kitu ila lalamiko kwamba hakimu alimwamini shahidi mwongo. Hoja hiyo ilikuwa ya rufaa, na ilishaamuliwa.

Kifungu cha 50(6) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinadai mambo mawili kwa pamoja. Rufaa iwe imefika mwisho, au muda wa kuikata uwe umepita. Pili, pawe na ushahidi mpya wenye uzito. Mahakama Kuu ndiyo hulisikiliza ombi. Tafadhali msilichanganye na uamuzi wa Muruatetu wa 2017: ule ulihusu adhabu ya lazima ya kifo kwa kosa la mauaji, haukuwafungulia wafungwa kesi zao upya.

Tunakwama kwenye ushahidi. Katika kesi ya Kibisu, mwaka 2014, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba lazima uwe ule ambao haungepatikana wakati wa kesi hata kwa bidii ipasavyo. Tena uwe wa kuaminika, unaokubalika kisheria, na ambao kama ungetolewa basi huenda hukumu ingekuwa nyingine. Sasa jirani aliyeyaona yote, mkamjua tangu siku ya kwanza na msimwite, leo anakuwaje mpya? Rekodi za simu je, ambazo zingeweza kuombwa kesi ikiendelea? Wakili mpya kuzikumbuka hakuzifanyi mpya.

Hata hivyo, kipimo hicho cha bidii kinaninyima usingizi. Bidii ya nani? Mtu alikuwa rumande, hana wakili, hana hata wa kumtuma kutafuta shahidi. Kumpima sawa na aliyekuwa nje na mawakili wawili naona ni kumwonea, na majaji wanapaswa kulisema hilo wazi. Shahidi anayegeuka baada ya miaka na kuukana ushahidi wake hunitatiza zaidi. Mahakama humtilia shaka, na ina sababu, kwa kuwa mashahidi hununuliwa. Lakini wapo waliotishwa wakasema uongo kizimbani, na mtu amefungwa kwa maneno yao.

Kwa hiyo ukija kwangu, usianze na makosa ya hakimu. Niletee hati ya kiapo ya aliyeupata ushahidi: ameupata lini, wapi, kwa njia gani, na nini kilimzuia kuupata kabla ya hukumu.