DPI ya kipanya cha gemu ni nini, na kwa nini umbo lina uzito zaidi

Ukipita kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, visanduku vya vipanya vya gemu vimeandikwa namba kubwakubwa: 7,200, 12,800, 26,000. Hizo ni DPI, na wanunuzi wengi huzichukulia kama farasi wa injini, kwamba aliye nazo nyingi ndiye mkali. Kwa imani hiyo watu hulipia namba ambayo hawataitumia hata siku moja, kisha wanarudi nyumbani na kipanya kisichowakaa mkononi. Nadhani ni hasara inayoepukika kabisa, mradi mtu ajue namba hiyo inapima nini.

DPI (kifupi cha dots per inch) ni idadi ya hatua ambazo kipanya huihesabia kompyuta kila kinaposogezwa inchi moja, yaani sentimita 2.54. Kikiwa kwenye 800, inchi moja ya mkono hutuma hatua 800, na katika Windows yenye mipangilio ya kawaida, ila kasi ya ziada ya mshale ikiwa imezimwa, kila hatua husogeza mshale pikseli moja, yaani nukta moja ya skrini. Skrini yenye upana wa pikseli 1,920 utaivuka kutoka ukingo hadi ukingo kwa kusogeza mkono kama sentimita 6. Weka 26,000, na safari hiyohiyo inakwisha ndani ya milimita 2. Hapo hakuna mkono unaoweza kulenga chochote. Kwa hiyo DPI inapima wepesi wa mshale, na ubora wa kipanya ni habari nyingine.

Habari hiyo inaanzia kwenye kihisi, ile kamera ndogo iliyo tumboni mwa kipanya. Mwanga humulika pedi iliyo chini ya kipanya kwa pembe ili nyuzi na mikwaruzo yake midogo itoe vivuli. Kamera hupiga picha mfululizo, na chipu hulinganisha kila picha na iliyotangulia ili ijue uso umehama kiasi gani na kuelekea wapi. PMW3360 ya kampuni ya PixArt ya Taiwan, kihisi kilichowekwa kwenye vipanya vingi sana vya gemu, huona eneo la pikseli 36 kwa 36 tu, lakini kinaweza kupiga hadi picha 12,000 kwa sekunde moja.

Ukishaelewa hilo, unaelewa pia kihisi dhaifu hushindwa wapi. Mkono ukienda kasi kupita uwezo wake, picha mbili zinazofuatana hukosa sehemu ya kufanana, na chipu haina tena cha kulinganisha. Mshale husimama, au huruka kwenda kusikoeleweka, wakati wewe ulikuwa unageuka kumkabili adui aliye nyuma yako. Ndiyo sababu kikomo cha kasi ni namba ya maana kuliko DPI, ingawa huandikwa kwa herufi ndogo. PMW3360 inastahimili inchi 250 kwa sekunde, zaidi ya mita 6, kasi ambayo mkono wako hautaifikia mezani. Nduguye wa bei nafuu, PMW3325, anaishia kwenye inchi 100, kama mita 2.5. Kwa gemu nyingi inatosha. Kwa mtu anayecheza Counter-Strike, gemu ya kulenga kwa bunduki, kwa wepesi mdogo (mshale ukisogea kidogo kwa mwendo mkubwa wa mkono) na kufagia pedi kwa mkono mzima, hapo ameshakaribia ukuta.

Kuna mambo mengine ambayo kihisi kizuri hakiyafanyi. Hakiongezi kasi ya mshale kwa hiari yake mkono unapoharakisha. Umbali uleule wa mkono lazima ulete mgeuko uleule, polepole au haraka, la sivyo misuli haiwezi kujifunza kulenga. Hakinyooshi mistari yako: vipanya vingine huchukua mwendo uliopinda kidogo na kuufanya mnyoofu, jambo linalomfaa mchoraji wa ramani za nyumba na kumwudhi mlengaji. Hakiendelei kusoma baada ya kuinuliwa, kwa sababu mchezaji wa wepesi mdogo huinua kipanya na kukirudisha katikati ya pedi kila mara, na kikiendelea kusoma hewani mshale unahama bila ruhusa. Umbali wa milimita 1 hadi 2 wa kuacha kusoma ndio unaotakiwa.

Na hakidanganyi kuhusu DPI yenyewe. Vipanya vingi vya bei ya chini sana vina kihisi chenye uwezo mdogo, kisha programu huzidisha hesabu. Kihisi kimeona hatua moja, kompyuta inaambiwa tatu. Namba kwenye sanduku inapanda, lakini mshale sasa unaruka pikseli tatutatu, kwa hiyo umenunua usahihi mdogo kuliko ambao ungepata ukikiacha chini. Ukiwa na kipanya cha namna hiyo, kishushe mpaka DPI 800 au karibu na hapo, na utashangaa jinsi kitakavyotulia.

Kwa nini 800, au hata 400? Historia ina sehemu yake hapa. Mwaka 1999 Microsoft ilitoa IntelliMouse Explorer, kipanya kinachosoma kwa mwanga, kilichoanza kuviondoa mezani vipanya vyenye mpira wa kuviringika vilivyokuwa vikijaa uchafu tumboni. Toleo lake la 3.0 lilipendwa sana na wachezaji wa Counter-Strike, nalo lilikuwa na DPI 400, basi. Kizazi kizima kilijifunza kulenga kwa namba hiyo. Mpaka leo wachezaji wengi wa kulipwa wa gemu za kulenga wako kwenye 400 au 800, japo vipanya vyao vinaweza mara thelathini ya hapo.

Tena DPI peke yake haikwambii mtu analenga kwa wepesi gani, kwa sababu gemu nayo ina mpangilio wake wa wepesi. Wachezaji huzizidisha hizo mbili. Aliyeweka DPI 400 na wepesi wa 2 ndani ya gemu anapata 800. Aliyeweka DPI 800 na wepesi wa 1 anapata 800 ileile, na wa 1,600 kwa 0.5 vilevile. Katika Counter-Strike, 800 hiyo ina maana kwamba ili ujizungushe mzunguko mzima unahitaji kusogeza kipanya kama sentimita 52. Kabla hujanakili mipangilio ya mchezaji unayempenda, pima kwanza pedi yako na nafasi uliyo nayo mezani. Mtu mwenye meza finyu ya kubanana na kibodi hana pa kuzisogeza sentimita hizo 52, na hilo si kosa la kipanya chake.

Ukishaweka wepesi wako, usiuhangaikie kila wiki. Na kama unatumia Windows, ingia kwenye mipangilio ya kipanya uzime lile chaguo linaloupa mshale kasi ya ziada mkono unapoharakisha. Linakuja likiwa limewashwa, na halimsaidii mtu anayejifunza kulenga.

Sasa, mwaka 2014 kampuni ya Logitech ilitoa kipanya cha G502 ikiwa na kihisi cha PMW3366 kilichofika DPI 12,000, safi, bila kuzidishwa na bila kasi ya kujiongezea. Tangu wakati huo, kwa maoni yangu, swali la kihisi limeshajibiwa kwa yeyote anayenunua kipanya cha kampuni inayoeleweka. Hata G203 ya Logitech, ambayo kwenye masoko mengine huitwa G102, ni kipanya cha bei ya chini chenye kihisi kinachotosha kucheza gemu yoyote kwa heshima. Fedha na akili zinazobaki zielekezwe kwenye umbo. Mkulima anayenunua jembe hushika mpini kwanza, na kipanya nacho kinataka kushikwa hivyo.

Mfano wa kampuni iliyoielewa hoja hii ni Zowie. Vipanya vyake vya EC vimechukua umbo la ile IntelliMouse 3.0, vimeinama upande mmoja kufuata mkono wa kulia, na kwa miaka mingi vilikuwa na viwango vinne tu vya DPI: 400, 800, 1,600 na 3,200. Hakuna 26,000. Badala yake umbo lilelile linauzwa kwa ukubwa tofauti, EC1 kwa mkono mkubwa na EC2 kwa mkono wa kawaida, na baadaye EC3 kwa mkono mdogo. Wameona kuwa mteja anahitaji kuchagua kipimo cha mkono kuliko kipimo cha chipu, na wachezaji wa mashindano wamewaunga mkono.

Pima mkono wako. Tandaza kiganja, weka rula kwenye mstari wa kifundo, soma mpaka ncha ya kidole cha kati. Kisha pima upana wa kiganja kwenye mafundo ya vidole vinne. Mkono wa sentimita 17 na wa sentimita 20 haiwezi kufurahia kipanya kimoja kwa namna ileile. Kwa kulinganisha, G203 ina urefu wa kama milimita 117, wakati DeathAdder ya kampuni ya Razer inafika kama 127. Tofauti ya sentimita moja inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mkononi ndiyo inayoamua kama nundu ya kipanya itajaza uvungu wa kiganja au itakuachia pengo.

Jambo la pili ni jinsi unavyoshika. Kuna wanaolaza kiganja chote juu ya kipanya. Hao wanahitaji kipanya kirefu chenye nundu nzuri nyuma, na mara nyingi umbo lililoinama kama EC au DeathAdder huwafaa. Kuna wanaokunja vidole kama kucha za ndege, nyuma ya kiganja ikigusa kidogo tu; hao hupenda nundu iliyo nyuma na mwili mfupi kidogo. Na kuna wanaogusa kwa ncha za vidole pekee, kiganja kiko hewani. Hao wanataka kipanya kidogo, cha chini na chepesi, ili vidole viweze kukivuta na kukisukuma vyenyewe. Usichague mtindo kwa kusoma. Cheza dakika chache bila kufikiria, kisha usimamishe mkono ulivyo na uutazame. Mkono umekwisha kuchagua. Wengi pia wako katikati ya mitindo miwili, na hakuna ubaya.

Kinachosahaulika ni ubavu. Kidole gumba na cha pete ndivyo vinavyoinua kipanya, si vile viwili vya juu. Ubavu ukiwa umepanuka kuelekea chini, vidole huteleza wakati wa kuinua na unajikuta unabana kwa nguvu. Kubana huko kukiendelea saa nzima, mkono unachoka na shabaha inaharibika, wewe unadhani ni kihisi.

Uzito unaingia hapohapo. Ile G502 ya 2014 ilikuwa na gramu 121, na iliuzwa pamoja na vipande vitano vya chuma vya kuuongeza, kwa kuwa wakati huo uzito ulihesabiwa kuwa uimara. Mwaka 2020 Logitech hiyohiyo ikatoa G Pro X Superlight, isiyo na waya, chini ya gramu 63. Ndani ya miaka sita mawazo yaligeuka kabisa, na nadhani yaligeukia upande sahihi: anayeinua na kurudisha kipanya mara mamia kwa jioni moja hana sababu ya kubeba uzito wa mara mbili. Hata hivyo, gramu 63 katika umbo lisilokufaa hazishindi gramu 85 katika umbo linalokukaa.

Kuhusu waya, usiogope vipanya visivyo na waya vinavyotumia kipokezi cha USB cha 2.4 GHz, vya kampuni nzuri haviko nyuma ya vyenye waya kwa mtu wa kawaida kuona. Bluetooth ni ya kazi za ofisini. Na kipanya kinachotuma taarifa mara 1,000 kwa sekunde kinatosha. 4,000 na 8,000 zipo, lakini zinaila prosesa ya kompyuta na faida yake ni ndogo mno.

Kwa wanaocheza Dar, Mombasa au Zanzibar kuna jambo la kuangalia ambalo mapitio ya Ulaya hayalitilii mkazo: jasho. Plastiki inayong'aa huteleza mkono ukilowa. Mipako ya mpira laini huanza vizuri, kisha kwenye joto na unyevu hugeuka kuwa ya kunata na kuchubuka. Plastiki kavu isiyong'aa, yenye ukwaruzo kidogo, ndiyo inayodumu, na hufutika kwa kitambaa chenye maji kidogo.

Dukani, omba kukishika nje ya sanduku. Kilaze mezani, weka mkono, kisogeze, kiinue mara kadhaa, bonyeza vitufe vya ubavuni bila kubadilisha mshiko. Tazama kifundo chako: kikipindika kwenda juu au kando ili vidole vifike, kipanya hicho hakikufai hata kama ni cha bingwa wa dunia. Mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole hupita kwenye njia nyembamba ya kifundo, na kukaa umekipinda kwa saa nyingi huubana. Ukianza kuhisi ganzi au maumivu yasiyoisha, pumzika na umwone daktari kabla ya kufikiria kununua kipanya kingine.

Wanaotumia mkono wa kushoto wana kazi ya ziada, kwani vipanya vilivyoinama karibu vyote vimeinamia kulia. Razer imewahi kutoa DeathAdder ya kushoto, lakini kuipata si rahisi. Njia ya uhakika ni umbo la pacha, pande mbili zikiwa sawa, na hapo angalia vitufe vya ubavuni viko upande gani, maana vingi vyenye umbo la pacha bado vina vitufe upande wa kushoto tu, ambako gumba lako halitafika.