Pong haikuwa mchezo wa kwanza wa video

Ukiuliza mchezo wa kwanza wa video ni upi, wengi watakutajia Pong, mchezo wa tenisi ya meza wa kampuni ya Atari. Si kweli. Pong ilitoka mwishoni mwa 1972, wakati mashine za mchezo wa Computer Space, zile unazotumbukiza sarafu ili ucheze, zilikuwapo tangu 1971, na pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, watu walishacheza Spacewar! kwenye kompyuta mwaka 1962.

Anayesahaulika zaidi, na inaniuma, ni mhandisi Ralph Baer. Alianza 1966 kutafuta namna ya kuchezea televisheni ya nyumbani, na kazi yake ikazaa Odyssey ya kampuni ya Magnavox, mashine ya michezo ya kuunganisha na televisheni, iliyoingia madukani kabla ya Pong kutoka. Haikuwa na sauti wala rangi. Ulibandika plastiki yenye picha ya uwanja juu ya kioo cha televisheni, vidoti vyeupe vikapita nyuma yake, na pointi mkahesabu wenyewe. Tenisi ya meza ilikuwamo. Nolan Bushnell wa Atari aliiona kwenye maonyesho California, Mei 1972, kisha akampa mhandisi wake Allan Alcorn kazi ya kuunda Pong. Magnavox ilishtaki, na Atari ikaishia kulipia leseni.

Alcorn naye ana haki yake kwa aliyoyatia kwenye Pong: mlio ule wa mpira, pointi zinazoonekana kwenye kioo, na mpira unaobadili pembe kulingana na sehemu ya kibao ulipogonga.