Majina ya Watoto Kilimanjaro na Arusha: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Huku kwetu Moshi na Arusha jina la mtu huchunguzwa kabla ya mwenye jina kuulizwa habari zake. Akisikika Elisante, inasemwa ni wa Machame. Akisikika Apolinari, anapelekwa Rombo au Kibosho. Akisikika Loserian, tayari amekwisha kuwekwa Monduli, kwa Wamasai. Makisio hayo hupatia mara nyingi, na ndiyo maana yamezoeleka. Hata hivyo, sababu zinazotolewa kuyaeleza si za kweli kwa sehemu kubwa, na zimeleta madhara, kwa kuwa wapo watu walionyimwa chumba cha kupanga, kazi, hata mchumba, kwa jina walilopewa wakiwa bado mgongoni mwa mama zao.

"Majina hufuata kabila"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, nayo inadai kwamba Mchaga ana orodha yake ya majina, Mmeru ana yake na Mpare ana yake. Kwa majina ya ubatizo, ambayo ndiyo huandikwa shuleni, mpaka unaotenganisha kijiji na kijiji hapa mlimani uliwekwa na misheni kuliko ulivyowekwa na kabila. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakaenda Kibosho mwaka 1893 na Rombo mwaka 1898. Mwaka huohuo wa 1893 Walutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walianza kazi Machame, kisha wakaendelea hadi Mamba na Old Moshi. Wachaga ni walewale, migomba ni ileile, lakini kwa zaidi ya karne moja watoto wa pande hizi wamebeba majina yasiyofanana kwa sababu walibatizwa na watu wenye taratibu zisizofanana.

Upande wa Wakatoliki kulikuwa na sheria iliyoandikwa. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, katika kanuni ya 761, zilimtaka paroko ahakikishe kwamba anayebatizwa anapewa jina la Kikristo, na ikiwa wazazi hawakubali, aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili katika daftari la ubatizo. Kalenda ya watakatifu ikawa ghala la majina. Ndiyo sababu katika familia za Rombo, Kibosho na Kilema utakuta akina Leokadia, Domitila, Epifania, Pantaleo, Deogratias na Prosper, majina ambayo huko Ulaya kwenyewe vijana wengi hawayajui tena. Jina la nyumbani halikufutwa, bali lilikaa nafasi ya pili. Augustine Lyatonga Mrema wa Vunjo na Basil Pesambili Mramba wa Rombo, wote wawili waliowahi kuwa mawaziri, wana mpangilio huohuo: jina la mtakatifu mbele, jina la mlimani katikati, jina la ukoo mwisho.

Ni vyema wazazi wa leo wajue kwamba utaratibu huo ulilegezwa. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 855, zinawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba mtoto hapewi jina lililo geni kwa roho ya Kikristo. Anayemwambia mama mjamzito kwamba Kanisa linakataza jina la bibi yake anaitia chumvi sheria iliyoondoka zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Walutheri hawakufungwa na kalenda ya watakatifu, kwa hiyo walikwenda kwenye Biblia yenyewe na wakazama ndani kuliko wengi. Mangi, yaani mtawala wa jadi, wa Machame aliitwa Abdieli Shangali, na Abdieli ni jina lililomo katika kitabu cha kwanza cha Nyakati, mahali ambapo msomaji wa kawaida hupita bila kusimama. Cleopa Msuya, mtu wa Mwanga aliyekuwa Waziri Mkuu kwa vipindi viwili, alipewa jina la yule mwanafunzi wa njia ya Emau katika Luka 24. Huyo alikuwa Mpare, na bado jina lake linakaa vizuri kabisa Machame na Meru, kwa kuwa walichoshirikiana watu wa sehemu hizo ni usharika na kitabu cha nyimbo, si kabila.

"Elisante na Elirehema ni majina ya Kichaga yaliyomo katika Biblia"

Sehemu zote mbili za dai hili si sahihi, na hapa ndipo panapostahili kukaa kwa muda, kwa sababu majina ya namna hii ni kazi ya ubunifu iliyofanywa na watu wa kaskazini wenyewe. Katika Biblia wamo Eliya, Elisha, Eliakimu na Elifasi. Elisante, Elirehema, Elibariki, Elineema na Elifuraha hawamo. Waumini walilichukua jina la Mungu kama walivyolisikia katika "Eli, Eli, lama sabakthani" ya Mathayo 27:46, wakaliunganisha na neno la Kiswahili la shukrani au la ombi, likapatikana jina ambalo halikuwahi kutamkwa Yerusalemu wala Leipzig. Wengine waliliweka mwishoni, kwa kufuata Danieli na Samweli: ndivyo lilivyopatikana Aikaeli, ambalo mwanzo wake ni neno la Kimachame la kushukuru. Mtu wa Machame aliyekuwa waziri katika serikali ya Tanganyika wakati wa uhuru mwaka 1961 aliitwa Asanterabi Nsilo Swai, na katika muongo huohuo Wizara ya Elimu iliongozwa na Solomon Eliufoo. Hayo ni majina ya kizazi kilichojiamini, kilichoona kwamba lugha zake zinafaa kusimama madhabahuni.

Wala si mali ya Wachaga peke yao. Wameru wanayo, Waarusha wanayo, Wapare wanayo, na ukivuka hadi Singida, ambako pia Walutheri wana mizizi mirefu, utakuta Elibariki wa kutosha. Elibariki Kingu, aliyekuwa mbunge wa Singida Magharibi, hakuhitaji kuwa na babu Machame ili aitwe hivyo. Kwa hiyo anayemsikia Elibariki akahitimisha kwamba huyo ni Mchaga anakosea kwa mwendo wa mamia ya kilomita.

"Godlisten, Godbless na Witness ni kuiga Wazungu"

Dhana hii huniudhi kuliko nyingine, kwa sababu huambatana na dharau. Mtu akitaka kumtafuta London au Chicago mzawa wa huko aliyepewa na wazazi wake jina la Godlisten, atatafuta hadi achoke. Waingereza hawana desturi ya kumwita mtoto kwa sentensi nzima ya maombi; desturi hiyo ni yetu. Wazazi waliosoma sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, walichukua ile sala ya Asanterabi na Elirehema wakaivika lugha ya shule. Ndani ya Godbless, Gladness, Happyness na Goodluck mna muundo uleule wa kushukuru, kuomba na kutangaza jambo ambalo familia imelipitia. Anayemcheka Witness darasani anaucheka utaratibu wa kutoa majina wa bibi zake mwenyewe.

Kuiga kwa kweli kupo, ila kuko kwingine: ni katika Jayden, Ethan na Nicole za miaka ya karibuni, ambazo mzazi huzichukua kwa sababu ya mlio wake tu. Sioni kosa katika hilo, lakini si haki kuyaweka majina hayo na Godlisten katika kapu moja.

"Mtoto wa kwanza wa kiume lazima aitwe babu yake, na kila kabila la huku ndivyo linavyofanya"

Kwa Wachaga desturi hiyo ipo, nayo ina mpangilio: mwana wa kwanza wa kiume hubeba jina la baba mzaa baba, wa pili la baba mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa mabibi. Kinachosahaulika ni kwamba jina hilo kwa kawaida ni la nyumbani na huishi sambamba na la ubatizo. Mtoto ambaye jalada la daftari lake la shule limeandikwa Ethan, uani kwa bibi anaitwa kwa jina la babu aliyezikwa kihambani, yaani katika shamba la migomba la ukoo. Au bibi anamwita "mume wangu" akimpa kikombe cha maziwa, na mama yake, anayeona haya kulitamka jina la baba mkwe, anamwita "baba". Anayehesabu majina kwa kusoma orodha ya mahudhurio peke yake atasema kwamba desturi imekufa, ilhali iko hai umbali wa hatua chache kutoka barabarani.

Ila kusema kwamba kila kabila hufanya hivyo ni kuwakosea Wamasai. Kwa desturi yao ya zamani jina la marehemu huepukwa katika familia yake, halirudishwi haraka kwa mtoto, na mtoto mwenyewe huweza kukaa na jina la muda hadi siku ya sherehe ya kumpa jina, ambapo mama na mtoto hunyolewa. Kwa Mchaga, kulirudisha jina la marehemu ni heshima. Kwa jirani yake Mmasai, kulinyamazia ndiyo heshima. Familia nyingi za Arusha zina ndoa za pande hizo mbili, na zimelazimika kukaa vikao kuamua zifuate lipi.

Yapo mengine yanayoweza kusahihishwa kwa maneno machache. Inasemwa kwamba jina la kike linaloanza na Na ni la Kimasai. Ni kweli kwamba katika Kimaa, lugha ya Wamasai, kiambishi hicho huonyesha mwanamke, kiasi kwamba Naserian ni binti na Loserian ni mwana. Lakini Wapare nao wana akina Nakunda na Nakijwa, na kwa upande wa wanaume wana majina yanayoanza na Se, kama lile la marehemu Dk. Sengondo Mvungi. Lugha hizo mbili hazina undugu hata kidogo. Inasemwa pia kwamba Mollel na Laizer ni majina ya kabila, ilhali ni majina ya koo zinazopatikana kwa Waarusha na kwa Wamasai. Na kuna anayedhani kwamba kila Mrisho au Mirisho ni Mwislamu wa Pwani. Jenerali Mirisho Sarakikya, Mkuu wa Majeshi kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, ni mtoto wa Meru, na majina yake mengine ni Sam Hagai, huyo Hagai akiwa nabii wa Agano la Kale. Kinyume chake, Ugweno, Usangi na Moshi Mjini zina Waislamu wengi wenye majina ya ukoo ambayo watu wa mbali huyadhani ya Wakristo watupu.

"Takwimu zinaonyesha Wachaga wengi huitwa hivi au vile"

Orodha za namna hii husambazwa kwenye simu zikiwa na asilimia zilizopangwa vizuri. Nchini Marekani, idara ya hifadhi ya jamii hutoa hesabu ya majina ya watoto waliozaliwa kila mwaka, na kwa kila jimbo hesabu hiyo inarudi nyuma hadi mwaka 1910. Hivyo Mmarekani anaweza kulilinganisha jimbo moja na jingine kwa ushahidi. Sensa yetu haiulizi kabila wala dini, na mara ya mwisho kuyauliza ilikuwa mwaka 1967. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,861,934 Kilimanjaro na 2,356,255 Arusha, lakini hakuna mahali ilipowagawa kwa makabila ili majina yao yapimwe hivyo. Asilimia inayotajwa kwa kabila fulani, kwa hiyo, imetungwa.

Sensa hiyohiyo inatuonyesha jambo jingine la maana. Mwaka 2012 Arusha ilikuwa na watu 1,694,310. Mkoa ulioongezeka kwa zaidi ya watu laki sita ndani ya miaka 10 umepokea wageni kutoka kila upande, na majina yao wamekuja nayo. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa kimeshapunguza tofauti: Neema, Baraka, Rehema, Amani na Tumaini hayamwambii msikilizaji mkoa wala kabila, na Rehema na Baraka hayamwambii hata dini. Darasa la awali la Arusha Mjini leo lina Baraka watatu ambao huenda baba zao wametoka Karatu, Tanga na Musoma.

Limebaki dai linalowatisha wazazi wapya, kwamba ofisi za usajili hukataa jina la kienyeji. Tanzania haina orodha ya majina yanayoruhusiwa kama iliyopo Iceland, ambako kamati ya serikali hulipima jina jipya kabla halijatumika. Usumbufu wa kweli uko katika tahajia. Jina la Kimeru au la Kimachame lenye herufi mbili zinazofuatana mwanzoni, kama Nnko, huandikwa kwa namna moja kwenye kadi ya kliniki, kwa namna nyingine kwenye cheti cha ubatizo, na ya tatu shuleni, kisha mtoto akifika umri wa kuomba kitambulisho cha taifa mzazi anaambiwa akaape mbele ya wakili kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja. Mzee wa ukoo aulizwe jina linavyoandikwa, liandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na karatasi hiyo iende na mama hospitali pamoja na kanga na nguo za mtoto, kwa kuwa tangazo la kuzaliwa hujazwa hukohuko, na cheti cha kuzaliwa hunakili kilichoandikwa humo.