Bunduki na ugonjwa wa akili: sheria ya Marekani inauliza amri, haiulizi dawa

"Ukishaandikiwa dawa za sonona, bunduki huruhusiwi tena."

Uvumi huu ndio unaoniuma kuliko wote, kwa sababu unawafukuza watu kliniki. Nchini Marekani wako wanaokesha macho makavu miezi mizima bila kumwambia daktari neno, wakihofu kwamba jina la ugonjwa likiingia kwenye faili, bastola ya kabatini itafuatwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 haitaji sonona wala ugonjwa mwingine wowote wa akili kwa jina. Inauliza mambo mawili. Je, mahakama au chombo kingine chenye mamlaka kimeamua kwamba, kwa hali ya akili yake, mtu huyu ni hatari kwake au kwa wengine, au hawezi kusimamia mambo yake? Na je, amewahi kulazwa kwa amri katika hospitali ya magonjwa ya akili? Vidonge vya kila asubuhi na vikao vya ushauri nasaha havimo.

Anayenunua dukani hupewa fomu nambari 4473. Swali la akili linashika hayo mawili tu, na hakuna nafasi ya kujaza jina la ugonjwa wala la dawa. Anayetibiwa sonona akitokea nyumbani akijibu "hapana", amesema kweli. Atakayeficha amri ya mahakama ndiye mwenye kosa la jinai.

"Kulazwa ni kulazwa tu."

Sivyo. Aliyekwenda kwa miguu yake akatia saini kukubali kulazwa hazuiwi na sheria ya shirikisho, wala aliyewekwa hospitalini achunguzwe tu. Lakini hapa ndipo wengi huteleza, maana majimbo nayo yana sheria zake, na baadhi ni kali zaidi. California, aliyeshikiliwa kwa saa 72 na kulazwa kwa sababu ni hatari hupoteza haki hiyo kwa miaka 5, hata kama hakufikishwa mbele ya jaji. Illinois inaweza kumnyima kadi ya kumiliki silaha mtu aliyelazwa kwa ugonjwa wa akili ndani ya miaka 5 iliyopita, hata alikwenda kwa hiari. Ndiyo maana jibu la jirani wa jimbo jingine halikufai; muulize mwanasheria wa jimbo lako.

"FBI wanasoma faili la daktari."

Hawasomi. Mfumo wa shirika hili la upelelezi la Marekani wa kukagua wanunuzi wa bunduki, ulioanza mwaka 1998, una majina ya waliozuiwa, hauna maelezo ya matibabu. Kasoro iliyoonekana ilikuwa kinyume chake. Mwaka 2007 katika chuo kikuu cha Virginia Tech, mwanafunzi aliua watu 32. Mahakama ilikuwa imemwamuru atibiwe tangu 2005, lakini taarifa hiyo haikufika kwenye mfumo, akauziwa silaha. Sheria iliyofuata iliyahimiza majimbo yatume majina, na papo hapo ikataka yaweke njia ya aliyezuiwa kuomba haki yake irudi. Kwa hiyo si kweli kwamba zuio ni la maisha kila mahali.

"Sheria ikiniruhusu, basi niko salama."

Ruhusa na usalama ni vitu viwili. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua, na wengi wao walikuwa na silaha kihalali. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka kwa muda mfupi. Kinachoamua ni kilicho karibu na mkono saa hiyo. Ukihisi limeanza kupanda, piga 988, laini ya msaada ya Marekani kwa wanaofikiria kujiua, usiku au mchana, na silaha itoke nyumbani: baadhi ya maduka ya bunduki na vituo vya polisi hukubali kuihifadhi kwa muda. Ukitaka kumwachia ndugu, uliza kwanza kama jimbo lako linadai akaguliwe. Kuitoa kwa hiari namna hiyo hakukuingizi katika orodha ya waliozuiwa.