Judy Heumann, mwalimu aliyeitwa hatari ya moto: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila nikiona stori ya Judith Heumann, Mmarekani aliyetetea haki za watu wenye ulemavu, inazunguka kwenye magrupu (Judy, ndo jina walilozoea kumwita) inakuja na picha ya mama mwenye miwani kwenye kiti cha magurudumu halafu chini wameandika "hakukata tamaa licha ya ulemavu wake", basi, imeisha. Kwa kweli inaniuma. Mi ni mwalimu na huyu mama alikuwa mwalimu, na ukiyasoma maisha yake vizuri hutaona mahali anapigana na miguu yake, utaona anapigana na watu wenye mihuri. Kwahiyo nimeona niyachukue yale yanayosemwa tuyaangalie.

DHANA: Alichelewa shule kwa sababu ya ugonjwa.

UKWELI: Polio ilimpata 1949 akiwa na miezi 18, chanjo ilikuwa bado, ilikuja kutoka 1955. Familia ilikuwa inaishi Brooklyn, New York. Sasa alipofika miaka mitano hakuwa mgonjwa tena, alikuwa mtoto mzima kabisa anayetumia kiti, ana hamu ya shule kama watoto wote wa mtaani kwao, mama yake akampeleka kuandikishwa na mwalimu mkuu akagoma kumpokea, akasema kile kiti ni hatari moto ukitokea. Mtoto wa miaka mitano, hatari ya moto! Badala yake wakawa wanamtuma mwalimu nyumbani masaa mawili na nusu kwa wiki. Kwa wiki jamani, sio kwa siku. Sisi tunaoshika chaki tunajua hayo masaa yanaisha hata kengele ya uji haijagongwa. Darasani aliingia akiwa na miaka tisa, na hapo ni darasa la pembeni la watoto wenye ulemavu peke yao, wale wasio na ulemavu wao waliwaita "watoto wa juu" maana wenyewe walisoma ghorofani.

Na wazazi wake wanasahaulika sana kwenye hizi stori. Ilse na Werner walikuwa Wayahudi waliotolewa Ujerumani wakiwa bado wadogo kuwakimbia Wanazi, ndugu zao waliobaki waliuawa. Daktari alipowashauri mtoto akaishi kwenye taasisi wakakataa. Ilse alikuwa mama wa umbo dogo lakini mbishi, ndo alikuwa mbele na akina mama wenzake kuibana bodi ya elimu mpaka watoto wao wakapata sekondari ya kuingia.

DHANA: Kazi ya ualimu alipewa kwa huruma.

Hii ndo inanichoma kuliko zote. Alimaliza chuo 1969, Long Island University, akaomba leseni ya kufundisha New York. Mtihani wa kuandika akafaulu, wa mdomo akafaulu. Na hiyo mitihani ilifanyika kwenye majengo ya ngazi, ikabidi abebwe kupandishwa. Hapa huwa nasimama kidogo, kwa sababu chuoni tulikuwa na mwenzetu wa magongo na chumba cha mtihani kilikuwa ghorofa ya pili, tulikuwa tunambeba wawili wawili, mmoja kashika magongo yake nyuma, na nakumbuka alivyokuwa akifika juu anakaa kimya dakika kama tano kabla ya kufungua karatasi, jasho linamtoka na sio yeye aliyepanda. Hakuwahi kulalamika, na sisi hatukuwahi kuuliza kwanini mtihani usihamishiwe chini.

Basi Judy akabakiza kipimo cha afya. Daktari wa bodi akamuuliza anajisaidiaje chooni, akataka hata amuoneshe. Mwanamke wa miaka 22 aliyekuja kuomba kazi ya kufundisha! Majibu yakarudi: amefeli, sababu miguu yote miwili imepooza kutokana na polio. Hakuna somo alilofeli, hakuna mtoto aliyemshindwa.

Huruma iko wapi hapo? Alienda mahakamani mwaka 1970. Magazeti yakaichukua, moja likaandika kwamba Marekani ukiwa na polio unaweza kuwa rais ila mwalimu huwezi, wakimkumbuka Franklin Roosevelt. Kesi ikaangukia kwa Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama za shirikisho kule, ambaye kabla ya hapo alikuwa wakili wa kesi za kupinga ubaguzi wa rangi. Akaiambia bodi ikafikirie upya. Bodi ikakubali yaishe, leseni ikatoka, akawa mwalimu wa kwanza anayetumia kiti cha magurudumu New York. Halafu hata na leseni mkononi shule zikawa hazimtaki, mpaka akapokelewa na ile ile shule aliyosoma utotoni kwenye lile darasa la pembeni. Akafundisha pale miaka mitatu.

Kesi ilipotangazwa watu wenye ulemavu wakaanza kumwandikia barua kutoka kila upande, kila mtu na yaliyomkuta. Hapo ndo yeye na wenzake wakaanzisha Disabled in Action, chama cha kudai haki za watu wenye ulemavu. Hakuacha chaki kwa sababu alichoka nayo, barua zilimvuta.

DHANA: Sheria ilipopita, mambo yakaisha.

UKWELI: Mwaka 1973 Marekani ilipitisha sheria ambayo kifungu chake cha 504 kinasema kwenye shughuli yoyote inayopata hela ya serikali kuu haruhusiwi mtu kubaguliwa kwa ulemavu wake. Vizuri sana kwenye karatasi. Ila bila kanuni sheria haitembei, na kanuni hazikusainiwa, akapita rais Nixon, akapita Ford, akaja Carter na waziri wake wa afya, elimu na ustawi, Califano, naye akawa anataka kwanza azipunguze makali. Karibu miaka minne!

Tarehe 5 Aprili 1977 watu wenye ulemavu zaidi ya mia wakaingia ofisi ya wizara hiyo ya Califano pale San Francisco, ghorofa ya nne, wakagoma kutoka. Judy alikuwa mmoja wa viongozi. Fikiria hali yenyewe, kuna wanaohitaji kugeuzwa usiku ili wasipate vidonda, kuna wenye mipira ya mkojo, dawa za kuwekwa kwenye baridi hazina friji, wanalala sakafuni. Simu zikakatwa. Viziwi ndo wakaokoa, wakawa wanasimama dirishani wanaongea kwa ishara na wenzao walioko chini barabarani, habari inatoka, habari inaingia.

Wabunge wakaja kusikiliza mle mle ndani. Kulikuwa na ofisa wa serikali, kila Judy akiongea anatikisa kichwa kukubali, na Judy sauti imeshaanza kukatika kwa machozi akamwambia angeshukuru kama angeacha kutikisa kichwa, maana haamini kwamba anaelewa wanachokiongea. Kuna picha za video za siku hiyo, zitafuteni. Kikundi kingine kikaenda Washington, wakawa wanasafirishwa nyuma ya lori la mizigo lisilo na madirisha, viti havina pa kujishika, na wakakesha na mishumaa nje ya nyumba ya waziri. Tarehe 28 Aprili Califano akasaini, kanuni zile zile bila kupunguzwa.

DHANA: Alifanya peke yake.

Hapana, na yeye mwenyewe asingekubali kuambiwa hivyo. Kitty Cone alikuwa fundi wa kupanga mikakati. Brad Lomax, kijana wa Black Panther, chama cha kupigania haki za watu weusi, mwenye ugonjwa uliokuwa unamnyang'anya miguu, alikuwa mle ndani, na wenzake wa chama wakawa wanaleta chakula cha moto kila siku kwa watu wote, bure. Bila kile chakula sidhani kama wangefika hata wiki mbili.

DHANA: Hayo ni ya Marekani, sisi yanatuhusu nini.

Kuanzia 2002 mpaka 2006 alikuwa Benki ya Dunia, mshauri wao wa kwanza wa masuala ya ulemavu na maendeleo, hizo ndo pesa zinazojenga shule na barabara huku kwetu. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa haki za watu wenye ulemavu. Kenya ikauridhia 2008, Tanzania 2009, na mwaka uliofuata Tanzania ikatunga sheria yake. Marekani yenyewe je? Desemba 2012 seneti yao ilipiga kura, wakapatikana 61 wakati zilitakiwa 66, mpaka Judy anafariki Machi 2023 nchi yake ilikuwa haijauridhia. Kwahiyo kwenye hili sisi ndo tuna karatasi ambayo yeye aliitafuta kwao akaikosa.

Yule mwenzetu wa magongo anafundisha mpaka leo, hesabu darasa la sita. Darasa lake liko chini. Aliliomba kwa barua, zikafika tatu.